Jumatano Kumi na Moja

Chai ya msiba ilikuwa haijachemka bado wakati Papa Rigobert alipouliza karte ya nyumba.

Aliuliza kwa upole. Alikuwa amevua kofia yake ya sufu, ingawa mwezi wa saba Lubumbashi ina baridi ya kuuma masikio, na alisimama karibu na mbabula ambapo makala yalikuwa yanaanza kushika moto.

"Mama Laurentine, pole. Pole sana. Mama Mwape alikuwa mama ya shiye bote. Sasa, karte ya nyumba iko wapi? Padri ataniuliza ileile."

Laurentine aliingia katika chumba alimofia mama mkwe wake alfajiri ile. Mwili ulikuwa umeshapelekwa chumba cha maiti kwa pikapu ya jirani, na mumewe Floribert alikuwa ameufuata. Kitandani kulibaki shimo dogo la mtu mwembamba. Chini ya mto kulikuwa kitabu cha sala, na ndani ya kitabu, karte. Ilikuwa karatasi ngumu ya njano, imekunjwa mara tatu, yenye visanduku vidogo, kimoja kwa kila Jumatano. Mtu wa nyumba hiyo akifika kwenye sala ya shirika, yaani jumuiya ya Wakatoliki wa mtaa, kisanduku kinapigwa muhuri wa rangi ya urujuani.

Papa Rigobert alivaa miwani, akapitisha kidole.

"Huku kumejaa. Huku kumejaa. Pasaka kumejaa. Alafu huku?" Kidole kikaanza kwenda polepole. "Moja, mbili, tatu..." Alifika kumi na moja, akavua miwani. "Mama. Mercredi onze. Jumatano kumi na moja."

"Alikuwa mugonjwa, papa. Miguu ilikataa."

"Miguu ya Mama Mwape ilikataa, tunajuwa. Muzee anasamehewa. Lakini karte haiko ya Mama Mwape, iko ya nyumba. Mu hii nyumba kuko miguu ngapi?"

"Sita," alijibu Falonne, binti yao wa miaka kumi na sita, aliyekuwa anaosha vikombe pembeni. "Ukiondosha ya nkambo, ya bibi."

"Falonne, nyamaza," Laurentine alisema.

Papa Rigobert hakukasirika. Alikuwa kiongozi wa shirika kwa miaka tisa na alikuwa amesikia majibu mabaya kuliko hayo. Alikunja karte na kuirudisha mikononi mwa Laurentine, kana kwamba ilikuwa kitu kizito kisichofaa kuangushwa.

"Mara ine bila sababu, hakuna muhuri ya mwisho. Bila muhuri, padri hapokee mwili. Miye si njo nilitunga sheria. Kama kuko sababu, mulete karatasi. Jeudi jioni tutakuya kusali hapa, njo tutaiangalia."

Akavaa kofia yake, akaenda.

Laurentine alibaki amesimama. Mama Mwape hakuwa mtu wa kuomba mambo. Alikuwa mjane wa mfanyakazi wa reli, alikuwa amezoea kupewa kidogo na kushukuru. Lakini wiki iliyopita alimshika Laurentine mkono akasema: "Munifikishe mu kanisa. Musinipitishe pembeni." Njia ya kutoka Bel-Air, mtaa wao, kwenda makaburini inapita mbele ya parokia. Wale wenye muhuri husimama pale, jeneza huingia, kengele hulia. Wale wasio na muhuri hupita pembeni. Gari halipunguzi hata mwendo, na watu waliokaa ndani hutazama upande mwingine wa barabara.

Floribert aliporudi alikuta mke wake bado ana karte mkononi. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa juu ya frigo bovu la mteja lililokuwa uani. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mafrigo, siku zilipokuwa na mafrigo.

"Nilikuambia," alisema. "Hii masomo yako ya anglais itatuletea mambo."

Laurentine aliikunja karte. Hakukumbuka kuambiwa.

*

Nyumba ya wageni alimofanya kazi Laurentine ilikuwa katikati ya mji, nyuma ya benki. Kwa miaka saba alikuwa ametandika vitanda vya watu waliokuja kwa mambo ya migodi. Mwezi wa tatu wenye nyumba walibadilika, na tangazo la Kiingereza likabandikwa penye mlango wa wafanyakazi. Hakuna aliyeweza kulisoma siku ile. Mama Deborah, mkuu wa wafanyakazi, alilitafsiri kwa kifupi: masomo ya Kiingereza, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Mwisho wa mwezi wa saba kutakuwa mtihani. Atakayefaulu atabaki. Asiyefaulu atahamishiwa kwa mkandarasi wa kufua mashuka, kazi ya siku kwa siku.

"Na asiyekwenda masomo?" mtu mmoja aliuliza.

"Kunaandikwa *compulsory*," alisema Mama Deborah. "Obligatoire. Ni lazima. Unataka nikuimbie?"

Jumatano asubuhi Laurentine alimkuta Mama Deborah anahesabu sabuni. Alimwambia habari ya kifo. Mama Deborah aliacha sabuni, akamkumbatia vizuri, na machozi yalimtoka kweli. Halafu akamsikiliza.

"Barua? Ya kusema nini, ma chère?"

"Ya kusema tu kama mercredi niko ku masomo, na masomo ni ya lazima."

"Ya kupeleka ku kanisa." Mama Deborah alipangusa macho. "Angalia. Kesho padri anasimama ku misa anasema, kule mu mji kuko bazungu wanakataza bantu kusali. Kesho kutwa iko mu radio. Nani aliweka muhuri? Deborah."

"Hakuna muntu atasema vile."

"Weye haujue bantu." Akarudi kwenye sabuni. "Na kuzika ni siku gani?"

"Samedi, Jumamosi. Ndugu za bwana wangu beko wanatoka Lukafu, bote hawawezi kufika mbele ya pale."

"Samedi ni test. Saa mbili kamili."

"Njo nilitaka kuomba..."

"Bwana, mutoto, baba, mama. Kwa hawa kuko siku za kilio. Mama mukwe haiko mu liste. Nilikwisha kuangalia ile siku ya kilio ya mukwe wa Yasmine wa mapokezi, sikuone." Akasogeza sabuni nyingine. "Bazike vendredi, Laurentine. Bale ba Lukafu balale njiani tu, watafika wakifika."

Laurentine alitandika vyumba kumi na viwili siku ile. Jioni, alipokuwa anavua kitambaa cha kazi, alisimama mbele ya tangazo. Sasa aliweza kulisoma. Lilikuwa limepauka, kona moja imejikunja, lakini muhuri wa kampuni ulionekana wazi chini yake. Alitazama nyuma. Akang'oa pini nne moja moja, akalikunja tangazo ndani ya kitambaa cha kazi, akatoka. Miaka saba hakuwa amechukua hata kipande cha sabuni. Njiani ndani ya kombi alisali Salamu Maria kumi, na hakujua kama anaomba msamaha au anaomba msaada.

*

Masomo yalifanyika katika darasa la shule ya msingi, juu ya madawati ya watoto. Mwalimu aliitwa Aboubakar. Wazazi wake walitoka Maniema, biashara yao ilikuwa vitambaa, na yeye peke yake katika familia alichagua chaki. Wanafunzi wake wote walikuwa watu wazima wa kazi: wapishi, walinzi, wafagiaji. Aliwaita baba na mama, hata wale aliowazidi umri.

Laurentine alimkuta anafuta ubao.

"Prof, leo sitakaa. Tuko na kilio ku nyumba."

Alimwambia. Alipofika kwenye karte, Aboubakar aliacha kufuta.

Alikumbuka somo moja la nyuma. Ilikuwa mwezi wa nne. Aliandika ubaoni neno lililokuwa kwenye tangazo lao, *compulsory*, akasema: si kila jambo unalotakiwa kufanya ni la aina hii. Kusalimia jirani unatakiwa, lakini askari hatakuja usiposalimia. Ili mujue kama neno hili linafaa, ulizeni swali moja tu: nisipofanya, itakuwa nini? Nipeni mifano. Mlinzi mmoja alisema salongo, kazi ya usafi ya Jumamosi, maana usipotoka na ufagio wako asubuhi wanafunga duka lako. Mwalimu alisema sawa. Mpishi alisema unifomu ya watoto. Sawa. Mwingine alisema kumpelekea mama mkwe kuku, na darasa lote likacheka.

Kisha Laurentine, aliyekuwa na jambo lake moyoni, aliinua mkono akauliza juu ya shirika.

"Usipoenda, itakuwa nini?" Aboubakar alimuuliza.

Alifikiri vizuri, maana alikuwa mtu wa kujibu kweli. "Hakuna kintu, Prof. Watanikosa tu."

"Basi hiyo siyo, mama. Hiyo ni kumpenda Mungu. Neno lingine."

Moyo wa Laurentine ukatulia. Jumatano zile za kwanza Mama Mwape alikwenda kwenye sala badala yake, na fimbo yake. "Weye enda ku masomo," alimwambia. "Miye nitakalia kiti ya nyumba." Miguu ya mzee ilipokataa, Laurentine aliendelea kwenda masomo bila hofu. Sheria ya muhuri alikuwa ameisikia, lakini hakuwahi kuona nyumba ya jirani ikinyimwa. Katika mtaa wao hakuna aliyekufa tangu sheria ile itoke.

"Nilikufundisha vibaya," alisema Aboubakar sasa.

"Hapana, Prof. Miye njo nilijibu vibaya."

"Kesho wanakuja saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

Aliweka chaki mfukoni. "Nitakuja."

*

Alhamisi jioni watu wa shirika walifika kumi na wanne, na wengi walikuwa wanawake. Walikaa chini ya turubai la bluu lililofungwa kutoka ukutani mpaka kwenye mpapai. Waliimba, wakasali rozari, wakaimba tena. Aboubakar alifika katikati ya fumbo la tatu, akasimama nje ya turubai na kofia yake nyeupe mikononi, mpaka Falonne alipomletea kiti.

Walipomaliza, Papa Rigobert alikohoa.

"Sasa, mambo ya karte. Mama Laurentine, karatasi ya sababu iko?"

Laurentine alisimama. Alifungua kitambaa cha kazi mbele ya watu wote, akatoa tangazo. Lilikuwa bado na matundu ya pini. Lilipita mkono kwa mkono mpaka kwa Papa Rigobert, aliyelishika mbali na macho, kisha karibu.

"Kunaandikwa nini?"

"Kama masomo ya anglais ni lazima kwa bantu bote ba kazi. Mercredi na vendredi."

"Nani anajuwa kama njo vile? Pengine hapa kunaandikwa, muangalie mbwa, eko mukali."

Watu walicheka, kicheko cha watu waliokaa sana kwenye baridi. Hata Laurentine mdomo wake ulicheza kidogo. Kisha Aboubakar alisimama akaomba ruhusa.

"Poleni kwa msiba. Mimi ndiye mwalimu wao. Aliyosema mama ndiyo yaliyoandikwa, na muhuri ni wa kampuni."

Mama mmoja alinong'ona kwa sauti ya kutosha: "Sasa muislamu njo atatuambia nani anazikwa na misa?"

"Sheria inasema sababu itoke ku kazi," alisema Papa Rigobert. "Haiseme itoke ku musikiti."

"Sikutoka msikitini, papa. Nimetoka darasani, na hii ni chaki." Aboubakar alionyesha mkono wake. "Na nina neno moja langu. Huyu mama aliniuliza mimi kama shirika ni jambo la lazima. Nikamuuliza, usipoenda itakuwa nini? Akaniambia: hakuna kitu, watanikosa tu. Nikamwambia basi si lazima. Kosa ni langu. Nilidhani nafundisha neno."

Alikaa. Hakuna aliyecheka safari hii.

Laurentine alikuwa bado amesimama. Hakuwa amepanga kusema zaidi. Lakini maneno yake mwenyewe, yaliyotoka katika mdomo wa mtu mwingine, yalimchoma.

"Papa Rigobert," alisema, "hizi mercredi onze, nani alitukosa?"

"Mama?"

"Mama Mwape alikaa mu kiti yake miaka makumi tatu. Siku moja kiti iko bure. Mbili. Onze. Nani alikuya kupiga hodi, kuuliza, huyu muzee eko wapi?" Aligeuza karte. Nyuma yake kulikuwa maandishi madogo ambayo hakuna anayesoma. "Hapa kunaandikwa: shirika itatembelea bagonjwa yake kila juma. Niliangalia mbele, niliangalia nyuma. Hakuna kisanduku ya ile."

Mama aliyenong'ona alitazama viatu vyake. Papa Rigobert alivua miwani akasugua macho, na ghafla alionekana mzee kuliko ilivyodhaniwa.

"Iko kweli," alisema. "Lakini sikiliza, mama. Mu shirika yetu kuko nyumba makumi ine na tatu. Kila mercredi tunakuwa kumi, kumi na mbili. Leo tuko kumi na ine juu ya chai. Padri ananiuliza, Rigobert, bantu beko wapi? Kama sifunge mulango, hata bale kumi hawatakuya. Unafikiri miye napenda kuhesabia muntu mercredi mbele ya maiti? Hata barabarani bananikimbia. Bananiita Douane, muntu wa forodha."

"Si njo shiye tulikuita vile," alisema mama mwingine haraka, na hapo kila mtu akajua ni nani aliyemwita.

Ndipo Floribert aliposimama. Alikuwa amekaa nyuma na ndugu zake wawili waliowatangulia wengine kutoka Lukafu, na vumbi la njia bado lilikuwa juu ya mabega yao.

"Munamuuliza yeye tu," alisema. "Mercredi miye nakuwaka ku nyumba. Kila mercredi. Yeye eko ku masomo, mama eko mu kitanda, na miye niko hapa, pa hiki kiti. Kutoka hapa mpaka fasi ya sala ni hatua mia mbili. Nilikuwa nasikia munavyoimba."

"Ulikuwa unafanya nini?" aliuliza mama wa kunong'ona.

Floribert alifikiri uongo, halafu akauacha. "Nilikuwa naangalia mupira mu telefone."

"Mercredi hakuna mupira!"

"Ya zamani," alisema Floribert. "Nilikuwa naangalia ya zamani."

Akakaa chini na kuficha uso. Kaka yake aliweka mkono mgongoni mwake. Wanawake walitikisa vichwa, baadhi kwa huruma, baadhi kwa sababu wao pia walikuwa na waume nyumbani Jumatano.

Papa Rigobert alishauriana na wawili waliokaa karibu naye. Haikuchukua muda. Kwa heshima ya Mama Mwape, alisema, muhuri utapigwa. Lakini nyumba itatia sahihi: Jumatano zote za mwaka mmoja, bila kukosa hata moja. Ikikosa, hakuna sakramenti kwa mtu yeyote wa nyumba, na mwakani Falonne anapaswa kupewa kipaimara.

Alitoa daftari na kalamu. Mtu aliyekiri makosa alikuwa Floribert, lakini kalamu ilipita mbele yake na kufika kwa Laurentine, na hakuna aliyeona kwamba kuna jambo la kushangaza, hata Floribert mwenyewe.

Laurentine alimtazama mwalimu wake. Jumatano, saa kumi na moja: saa ya sala, na saa ya masomo. Aboubakar alijua hesabu hiyo kama yeye. Aliangalia mikono yake yenye chaki.

Laurentine akatia sahihi. Muhuri ulipigwa juu ya kisanduku cha mwisho, ukaacha harufu ya wino.

*

Jumamosi gari lilisimama mbele ya parokia.

Ilikuwa saa mbili na dakika tano. Watu wa salongo walikuwa wanafagia barabara, vumbi jekundu limesimama hewani, wakainamisha mafagio jeneza lilipoteremshwa. Kengele ililia. Laurentine aliingia nyuma ya mama mkwe wake, na wakati padri alipokuwa ananyunyiza maji ya baraka, aliona mbele yake darasa lile, madawati ya watoto, karatasi nyeupe zikigawanywa. Yasmine wa mapokezi angekuwa anang'ata kalamu. Mahali pamoja pangebaki bure.

"Tumekufikisha, mama," alisema moyoni. "Hatukukupitisha pembeni." Alitafuta furaha na hakuipata. Alipata usingizi tu, usingizi mzito wa mtu aliyebeba kitu mbali na sasa amekiweka chini.

*

Jumatatu bahasha ilimngoja kwa Mama Deborah. Tangazo jipya lilikuwa limeshabandikwa mlangoni, na safari hii nyuma ya kioo.

"Siko miye, ma chère," alisema Mama Deborah. "Unataka nikusomee?"

"Hapana. Nitasoma."

Alisoma amesimama. Barua ilikuwa na mistari sita. Ilisema hakufika kwenye mtihani uliokuwa *compulsory*. Ilisema kuanzia siku ile jina lake linahamishiwa kwa mkandarasi wa kufua. Ilimtakia heri. Alisoma mara moja, hakurudia. Hakukuwa na neno hata moja ambalo hakulielewa. Miezi minne iliyopita karatasi kama ile ingemlazimu kuomba mtu, na mtu huyo angemwambia kwa kifupi. Leo aliipata yote, bila kupunguziwa.

"Umeelewa?" Mama Deborah aliuliza.

"Nimeelewa muzuri."

Akateremka kwenye chumba cha mashuka. Kulikuwa na mvuke, na angalau kulikuwa na joto.

*

Jumatano alifika kwenye sala kabla ya saa kumi na moja. Mikono yake ilikuwa imevimba kwa sabuni. Kiti cha Mama Mwape kilikuwa palepale, cha mbao, kimefungwa kwa waya mguu mmoja. Akakikalia. Walikuwa watu kumi na mmoja. Waliimba, wakasoma Injili, wakasali. Mwishoni Papa Rigobert alifungua kisanduku cha muhuri, na watu wakatoa makarte yao.

"Papa, mbele ya muhuri," alisema Laurentine. "Ile ya nyuma ya karte. Nani ni mugonjwa mu mutaa yetu?"

Watu walitazamana. Baridi ilikuwa inashuka, na kila mmoja alikuwa na chungu cha bukari, ugali wa jioni, kinachomngoja.

"Kuko Papa Léonard," alisema mtu. "Ile ya nyumba ya bati. Pengine alishahama."

"Hakuhama," alisema mwingine. "Moshi inatokaka."

"Mama, leo tumechoka," alisema Papa Rigobert. Kisha akamtazama namna alivyokaa juu ya kiti kile, bila hasira, bila haraka, mikono yake myekundu juu ya magoti. Akafunga kisanduku cha muhuri. "Bon. Tuende."

Sita walirudi makwao kimyakimya. Watano walikwenda, na walipofika kona walisikia mtu anakuja nyuma yao anapiga hatua za haraka. Alikuwa Floribert, na grisi ya frigo mpaka viwiko.

"Nilikawia," alisema.

Nyumba ya bati ilikuwa mwisho wa kichochoro. Papa Rigobert alipiga hodi. Alipiga tena, na mlango ulifunguliwa polepole sana na mzee aliyejifunga blanketi mbili, mguu mmoja umezungushiwa vitambaa. Macho yake yalipita juu ya nyuso zao, moja moja, yakafika kwa Papa Rigobert, yakasimama.

"Ee," alisema Papa Léonard. "Ee, munisamehe. Mungojee kidogo."

Aligeuka ndani, akishika ukuta. Walimsikia anasukuma vitu, sufuria inaanguka, anahema.

"Papa, acha tu," Laurentine alisema mlangoni. "Kaa. Hatukuombe kintu."

"Hapana, hapana, iko hapa, niliiwekaka muzuri," sauti ilijibu kutoka gizani. "Ni huu mguu, ba papa, ni mguu tu. Si kwa kuzarau. Mercredi ijayo hata nitatambaa."

Akarudi. Mkononi mwake kulikuwa karatasi ngumu ya njano, imekunjwa mara tatu. Alimnyooshea Papa Rigobert. Papa Rigobert hakuipokea. Alikuwa ameacha muhuri nyumbani kwa sala, na sasa hakujua afanye nini na mikono yake.

"Tulikuya kukuangalia tu, papa," alisema Laurentine.

Mzee alimsikia. Aliinamisha kichwa kwa heshima. Lakini hakurudisha mkono, akaendelea kuwanyooshea karte.